Kompyuta ya Dada na Joto la Mazinde

Yeyote aliyepata kuteremka kwa basi kutoka Lushoto kwenda Mombo anaijua tofauti ya hewa. Juu kule mtu huvaa sweta hata saa nne za asubuhi. Akifika chini, kabla hajapokea mizigo yake, sweta imekwisha kutiwa mkobani. Mji wa Lushoto upo katika mwinuko wa zaidi ya mita 1,300, na tambarare ya Mombo na Mazinde ipo chini yake kwa kadiri ya mita 900 hivi. Walimu wetu wa Jiografia walitufundisha kwamba kwa kila mita 1,000 mtu apandazo, joto hupungua kwa nyuzi sita au zaidi kidogo. Wengi wetu tuliisahau hesabu hiyo mara baada ya mtihani. Mimi nimeikumbuka kwa sababu ya kompyuta ya dada yangu, na ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Mazinde ipo kando ya barabara kuu iendayo Moshi, chini kabisa ya ukingo wa Milima ya Usambara. Katika karne ya 19, misafara ya biashara ilipopita kuelekea bara, hapo ndipo palipokuwa maskani ya Semboja, mtawala wa ukoo wa Wakilindi. Siku hizi msafiri huona mashamba ya mkonge, mibuyu, reli ya Tanga kwenda Moshi, na safu ya maduka yenye mapaa ya mabati. Mvua nyingi hubaki mlimani, na tambarare huachiwa jua na vumbi. Mtu akisimama barabarani saa nane za mchana huyaona mawingu yakiwafaidi wenzake wa juu, naye jasho linamtiririka.

Hapo ndipo aishipo dada yangu mkubwa. Mumewe alikuwa fundi katika kiwanda cha katani hadi alipostaafu. Dada ana chumba kimoja cha kuandika na kuchapa karatasi. Humo huandikwa barua za maombi ya kazi, mitihani ya majaribio ya shule, mihutasari ya vikao, ratiba za mazishi na kadi za harusi. Vijana waliomaliza kidato cha sita huja humo kujaza maombi ya vyuo. Riziki yote hiyo hupita katika kompyuta moja ya mezani iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika, na ambayo kwa hesabu za wauzaji ingepaswa kuwa jalalani miaka mingi iliyopita.

Mwezi Februari mwaka jana, nilipokwenda likizo, niliikuta nyumba ina mashaka. Kompyuta ilikuwa ikifanya kazi vizuri asubuhi, lakini ikifika saa sita mchana huanza kusuasua. Herufi huchelewa kutokea, kishale hukwama, na mara nyingine mashine huzimika yenyewe bila hata kuaga. Mwalimu mmoja alipoteza kurasa nne za mtihani kwa namna hiyo. Fundi mmoja wa mjini aliyepelekewa mashine hiyo aliitazama kwa dakika chache, akasema prosesa imechoka na kwamba dawa yake ni kununua kompyuta nyingine.

Basi dada alikwisha kuazimia kukopa katika kikundi chao cha akina mama. Mkopo wenyewe usingetosha, na pengo lingezibwa kwa fedha alizokuwa ameziweka kwa ajili ya mwanawe wa kwanza, aliyekuwa akisubiri kwenda chuoni. Fedha hizo zilikuwa nauli yake, godoro lake na vifaa vyake. Kijana mwenyewe alilijua jambo hilo, akawa hana usingizi. Naye alikuwa na shauri lake.

"Shikamoo, mjomba," aliniamkia jioni ile nilipofika, na kabla sijamaliza kuitikia marahaba akaendelea, "mashine hii haina haja ya kubadilishwa. Nitaiongeza kasi mimi mwenyewe. Wenzangu wanaita ovakloki."

Ndugu msomaji, pengine neno hilo ni geni kwako, nami sina budi kulieleza. Ndani ya kila kompyuta mna prosesa, kipande kidogo kifanyacho hesabu zote. Prosesa hufanya kazi kwa mapigo, kama wavuta kamba wafuatavyo wimbo wa kiongozi wao: kila pigo, mvuto mmoja. Ile ya dada ni Core 2 Duo E6600, iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Intel ya Marekani mwaka 2006. Ina transista milioni 291 ndani ya kipande kinacholingana na ukucha wa kidole gumba, na mapigo yake ni bilioni 2.4 kwa kila sekunde. Idadi hiyo hupatikana kwa kuzidisha. Ubao mkuu wa mashine hutoa mapigo milioni 266, na prosesa huyazidisha mara 9. Mtu akiingia katika ukurasa wa mipangilio unaotokea mashine inapowashwa, ule uitwao bayosi, akaigeuza ile 266 kuwa 333, prosesa hiyo hiyo itakwenda kwa mapigo bilioni 3. Hajanunua kitu chochote, naye amepata nyongeza ya robo nzima. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya ofisi zimefungiwa mlango huo. Lakini ya dada iliunganishwa na mafundi kutoka vipande mbalimbali, na ukurasa wake uliruhusu mabadiliko.

Ukisikiliza hivyo utadhani ni fedha zilizookotwa njiani. Lakini kila pigo lina gharama yake, na gharama hiyo hulipwa kwa joto. Prosesa hii ikiwa na kazi tele hutumia umeme wa kadiri ya wati 65, sawa na balbu ya zamani ya chumbani, na karibu umeme wote huo hugeuka joto. Msomaji akumbuke jinsi balbu ile ilivyokuwa ikiunguza vidole, kisha afikirie joto lilo hilo likikusanywa juu ya ukucha mmoja.

Mapigo yakiongezwa kwa robo, joto nalo huongezeka kwa robo au karibu yake. Si hayo tu. Mapigo yakizidi kiasi, prosesa hudai volti zaidi ili isikosee, na volti huadhibu mara mbili, maana nyongeza yake huzidishwa kwa yenyewe. Tuchukue mfano wa volti 1.2 zilizopandishwa kuwa 1.35, pamoja na ile robo ya mapigo. Wati 65 zitakuwa kama 103. Kasi imeongezeka kwa robo, na joto limeongezeka kwa zaidi ya nusu. Hata mita ya LUKU italiona jambo hilo: wati 38 za ziada, kwa saa 8 za kazi nzito, siku 26 za mwezi, ni karibu uniti 8.

Vijana wa leo huenda wasijue kwamba hofu ya mashine hizi ilipata kuwa jambo la taifa. Kompyuta ya kwanza nchini mwetu iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mashine hizo kuleta hasara na vurugu ya hesabu kuliko faida. Mashine za enzi zile zilikaa katika vyumba vyenye viyoyozi, zikilindwa na wataalamu wachache. Leo mtoto wa mashine zile yupo chini ya bati la Mazinde, na mlinzi wake ni mama mwenye duka. Lililokuwa kweli wakati ule ni kweli hata sasa, kwamba chombo usichokielewa kitakugharimu, kiwe kikubwa cha wizara au kidogo cha nyumbani.

Shemeji yangu alitusikiliza jioni ile bila kusema neno. Miaka yake mingi aliitumia karibu na korona, ile mashine kubwa iparuayo majani ya mkonge mpaka zikabaki singa, huku maji yakimwagika juu yake mchana kutwa. Kazi yake ilikuwa kuzunguka na kuweka kiganja juu ya kila beringi, na kuandika daftarini ipi ina moto na ipi haina. Mwanawe alipomaliza kueleza, mzee aliinuka, akaenda dukani, akaweka kiganja ubavuni mwa kompyuta kama alivyozoea, akarudi kuketi.

"Katika kiwanda," alisema, "mashine ikipata moto hatuulizi itaongezwaje mwendo. Tunauliza joto limetoka wapi. Nileteeni jibu la swali hilo kwanza, hayo mengine yatafuata."

Kesho yake tulianza kwa kupima. Kila prosesa ya siku hizi ina kipimajoto ndani yake, na zipo programu ndogo zisizolipiwa zinazokisoma. Saa nane za mchana chumba kilikuwa na nyuzi 33. Prosesa ikiwa imepumzika ilikuwa na nyuzi 62. Ilipopewa kazi ilipanda hadi 84, na hapo tukaona jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Joto lilipofika huko, mapigo yalianza kushuka yenyewe. Ile bilioni 2.4 iliyoandikwa katika karatasi za mashine haikuwapo tena.

Sababu yake ni hii. Prosesa za aina hiyo zimeundwa na kinga. Joto likikaribia kiwango cha hatari, hujipunguzia mwendo ili zipoe; likizidi kupanda, huzima mashine nzima kuliko kuungua. Kwa hiyo kusuasua kule kwa mchana, ambako fundi wa mjini alikuita uchovu, kulikuwa ni mashine ikijiokoa. Dada alikuwa akitaka kukopa fedha ili anunue kasi, ilhali kasi aliyoilipia zamani ilikuwa ndani ya sanduku lake, imekaliwa na joto.

Tukafungua ubavu wa kasha siku ya Jumapili, baada ya kuchomoa waya wa umeme na kungoja mashine ipoe. Kwanza niseme jinsi tulivyolikuta limewekwa. Dada anakipenda chombo chake. Alikuwa amekisogeza kona, mgongo umegusana na ukuta, na juu yake ametandika kitambaa cheupe cha kufuma kwa mkono, kama kile kinachofunika redio na kabati katika nyumba zetu nyingi. Alikusudia kukikinga na vumbi. Lakini hewa ya moto hutokea mgongoni, na matundu ya ubavuni na juu ndiyo pua za kuvutia hewa. Upendo wake ulikuwa umemziba mgonjwa pumzi.

Ndani, vumbi la tambarare lilikuwa limejishona likawa kama kipande cha blanketi. Juu ya prosesa hukaa kipozeo cha aluminiamu chenye mapezi membamba mengi, na juu ya kipozeo hukaa feni. Kazi ya mapezi ni kulisambaza joto katika eneo kubwa, na kazi ya feni ni kulipeperusha. Kati ya pezi na pezi hapakuwa na nafasi hata ya unywele. Feni ilizunguka kwa bidii zote juu ya blanketi lile, na hewa haikupita.

Tulitumia brashi mpya ya kupaka rangi na pampu ya baiskeli. Mpwa wangu aliyashika mabawa ya feni kwa kidole wakati wa kupuliza, kwa maana feni ikizungushwa kwa upepo wa nje kupita kiasi chake huweza kuharibika. Kisha tukakitoa kipozeo chenyewe. Kinashikiliwa na miguu minne ya plastiki inayobonyezwa mpaka ilie, na hapo tukagundua kwamba mguu mmoja haukuwa umeshika. Kipozeo kilikuwa kimelala upande, kama mtu aliyekaa kwenye kigoda chenye mguu mfupi.

Kati ya prosesa na kipozeo hupakwa dawa ambayo mafundi huiita pesti. Wengi hudhani pesti hiyo ndiyo ipozayo. Kazi yake hasa ni kujaza mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho, ambamo hewa ingejificha. Na hewa ni mpitishaji mbaya wa joto. Ile ya mashine ya dada ilikuwa imekauka na kupasuka kama matope ya kisima wakati wa kiangazi. Tuliifuta kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi. Tukaweka mpya katikati, kiasi cha punje ya choroko. Kijana alitaka kuongeza, baba yake akamzuia kwa kuinua kidole tu. Pesti ikizidi huwa ukuta baina ya chuma na chuma. Tukabonyeza miguu yote minne, wa kulia na wa kushoto kwa kukabiliana, tukachungulia chini ya ubao kuhakikisha kila mmoja umepenya.

Kichupa kile cha pesti kilitugharimu fedha zisizozidi bei ya kilo moja ya sukari. Kasha tulilihamishia juu ya stuli, likawa shubiri moja kutoka ukutani, upande usiopigwa na jua la alasiri. Kitambaa cha kufuma hakikutupwa. Dada hukitandika usiku, mashine ikiwa imezimwa na kupoa.

Siku ya pili, saa zile zile, chumba kikiwa na nyuzi zile zile 33, prosesa ilipumzika kwa nyuzi 43 na kufanya kazi nzito kwa nyuzi 61. Mapigo yalibaki bilioni 2.4 bila kuyumba. Juma zima lilipita bila mashine kuzimika. Dada aliacha kuzungumza habari za mkopo, nasi hatukumkumbusha.

Lakini kijana hakuwa ameridhika, nami sikuona vema kumnyamazisha. Mtoto aliyeiona mashine ikifufuka mbele yake ana haki ya kuuliza inaweza kufika wapi. Wazazi wake walimpa ruhusa kwa masharti. Kwanza, kazi zote za wateja zinakiliwe katika flashi na kufungiwa kabatini. Pili, apande hatua moja kwa wakati. Tatu, kila hatua iandikwe katika daftari: saa, joto la chumba, joto la prosesa, mapigo, na yaliyotokea. Sharti hili la tatu lilikuwa la baba yake, na daftari alilinunua yeye.

Akapanda hadi 300, ambayo mara 9 ni mapigo bilioni 2.7. Joto lilifika nyuzi 65. Akaiachia mashine usiku kucha ikifanya kazi ya programu iitwayo Prime95, iliyoundwa kutafuta namba tasa kubwa mno, na ambayo wenye mchezo huu huitumia kuitesa prosesa na kuikagua. Asubuhi hapakuwa na kosa. Akapanda hadi 333, mapigo bilioni 3. Mashine iliwaka vizuri, picha ikaonekana, barua ikafunguka. Mtu yeyote angesema kazi imefaulu. Dakika 20 baada ya kuanza ukaguzi, programu ikasimama na kutangaza kwamba jibu la hesabu moja si sahihi.

Naomba msomaji asipite haraka hapa. Mashine haikuzimika, haikulia, wala haikutoa moshi. Ilikosea hesabu, na kama asingalikuwapo mkaguzi, lile jibu la uongo lingalipita. Dada aliyekuwa nyuma yetu ndiye aliyelielewa jambo hilo upesi kuliko sisi. "Siku ya mwanafunzi kujaza namba yake ya mtihani," alisema, "kosa la namna hiyo litaonekana la nani?" Hapakuwa na aliyejibu. Katika biashara yake watu humlipa kwa sababu kilichoandikwa asubuhi ndicho kinachochapwa jioni.

Mpwa wangu alijaribu mara moja zaidi kwa kuongeza volti kidogo kidogo. Makosa yakakoma, lakini joto likafika nyuzi 78 na feni ikavuma kama pikipiki ipandayo Soni. Baba yake akalifungua daftari, akaweka kidole kwenye 78, kisha akakishusha kwenye ile 84 ya siku ya kwanza. "Mmetumia juma zima kutoka hapa," alisema, "na sasa mnarudi huko kwa miguu yenu wenyewe." Kijana alicheka, akairudisha 266.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo daftari lilituonyesha. Kazi za dada nyingi hazikuwa zikingoja prosesa hata kidogo. Kuiwasha mashine kulichukua karibu dakika nne, na wakati huo wote prosesa ilikuwa imekaa bure ikisubiri diski ya zamani izunguke na kusoma. Kwa sehemu ndogo ya fedha ambazo zingalitumika kununua kompyuta nyingine, walinunua diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka, ile ambayo mafundi huiita esesidi. Mashine sasa huwaka kabla ya dakika moja kwisha. Kuyapandisha mapigo kutoka bilioni 2.4 hadi 2.7, kwa upande wake, kuliokoa sekunde 9 tu katika kazi iliyokuwa ikichukua sekunde 80. Faida ipo, lakini mtu na ajue ukubwa wake.

Hapo ndipo iliponijia ile hesabu ya Jiografia. Joto la prosesa ni jumla ya vitu viwili: joto la chumba, na nyuzi ambazo kazi yenyewe inaongeza. Katika mapigo bilioni 2.4 kazi iliongeza nyuzi 28 juu ya zile 33 za Februari. Kompyuta hiyo hiyo ikipandishwa Lushoto ingepewa nyuzi kadhaa bure, kwa ajili ya mwinuko tu. Dada hawezi kuhamia mlimani. Lakini majira huhama yenyewe. Mwezi Julai, kipupwe kinaposhuka hata Mazinde, nilipita tena nikiwa safarini kikazi. Chumba kilikuwa na nyuzi 26. Kijana alikuwa ameiweka mashine katika bilioni 2.7, na joto la kazi nzito lilikuwa nyuzi 58, chini ya lile la Februari katika mwendo wa kawaida. Hayo ndiyo makubaliano yao: kuanzia Juni hadi Agosti mashine huruhusiwa kukaza mwendo, jua likirudi, hurudishwa katika mwendo wake wa kawaida. Mkulima wa mlimani hupanda kwa majira, na mpwa wangu ameipangia prosesa yake majira.

Sitaki msomaji adhani kwamba chombo cha mwaka 2006 kitaishi milele. Programu mpya hukidai nguvu na kinga ambazo hakina, na mwaka 2025 Windows 10 ilipofikia mwisho wa kupatiwa marekebisho ya kawaida, mashine za rika lake zilibaki nje ya mlango wa ile iliyofuata. Ipo siku dada atanunua nyingine. Lakini atainunua kwa fedha zilizotokana na kazi, katika wakati alioupanga yeye, wala si kwa kukimbizwa na vumbi.

Kwa ndugu zetu wa Dar es Salaam, Tanga, Morogoro na kwingineko kwenye joto, ambao wana chombo kama hiki nyumbani au kazini, yapo ya kufanya yasiyohitaji fedha nyingi. Kiinueni kutoka sakafuni. Kiwekeeni nafasi ya shubiri kutoka ukutani. Kisifunikwe kikiwa kinafanya kazi. Kila baada ya miezi mitatu, na mapema zaidi kama mpo kando ya barabara ya vumbi, kisafishwe kwa brashi, waya ukiwa umechomolewa. Pesti ibadilishwe kila kipozeo kinapotolewa. Na kabla ya kukubali neno la fundi kwamba mashine imekufa, mwombeni awaonyeshe kipimajoto kinasema nini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa siku hizi huitwa mkopo.

Kwa wazazi nina neno moja zaidi. Kijana mwenye hamu ya kukimbiza mashine asifukuzwe, wala asiachiwe peke yake. Apewe daftari. Mpwa wangu aliingia katika jambo hili akitaka kasi, akatoka akijua kupima, kungoja, na kurudi nyuma bila aibu pale vipimo vinapomkatalia. Sidhani kama chuo kingemfundisha hayo kwa juma moja.

Mwezi Oktoba alipanda basi kwenda chuoni, akiwa na godoro lake na nauli iliyolipwa kwa fedha zile zile zilizokuwa karibu kumezwa na kompyuta mpya. Daftari alimwachia mama yake. Dada huandika humo kila mchana saa nane, chumba nyuzi ngapi, prosesa nyuzi ngapi, na Jumapili ya kwanza ya kila robo mwaka huazima pampu ya baiskeli kwa jirani.